Ndevu Zangu Zilipokuwa Ajenda

Jicho la kulia limekubali kufunguka leo asubuhi. La kushoto bado limegoma. Kidevu kinavuja maji ya njano, masikio yamenenepa, na mjukuu wangu, ambaye siku zote hulala kifuani pangu, amenitazama mara moja akakimbilia kwa bibi yake kuuliza ni nani huyu aliyeletwa nyumbani na uso wa kiriba kilichojazwa maji. Bibi hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Ni babu yako. Amejipaka."

Mji wetu mzima wa Kulamawe umepata habari hivyo hivyo, bila nyongeza.

Alhamisi jioni nilikuwa dukani. Harusi ya binti wa dada yangu ilikuwa Jumamosi, na mjomba wa bibi harusi ndiye husimama mlangoni kupokea wageni, ndiye hupigwa picha na upande wa bwana harusi, ndiye ambaye mashangazi wanaotoka Garba Tula humkagua kuanzia kofia hadi makubadhi, kisha wakaambiana kama ukoo bado upo au umekwisha. Ndevu zangu zilikuwa nyeupe pembeni na kijivu katikati. Wazee wenzangu huzipaka hina zikawaka rangi ya machungwa; ni heshima, ni sunna, na hakuna anayemuuliza mtu kwa nini. Mimi nilitaka nyeusi. Si kwamba nilitamani kurudi ujanani. Kurudi 2010 kungenitosha.

"Mzee, hina peke yake ni kazi ya usiku kucha," kijana wa duka akaniambia. "Changanya na hii. Dakika ishirini umemaliza."

Hii ilikuwa kipakiti kidogo cha unga, kimechorwa mwanamume anayetabasamu, na nyuma yake maandishi madogo sana ambayo miwani yangu haikuwa na habari nayo. Nikachanganya kwenye bakuli, nikapaka, nikakaa. Kwa haki ya Mungu, kazi ilikuwa safi. Ijumaa alfajiri niliingia msikitini na ndevu nyeusi tii, na imamu akanipa mkono akaniuliza nimefika lini. Adhuhuri kidevu kikaanza kuwasha. Magharibi nikawa najikuna kwa mikono miwili. Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa njiani, niliamka nikajitafuta kwenye kioo, sikujiona.

Nimekuwa na muda wa kutosha kulala chali na kuuliza, na nimegundua kwamba mambo ya rangi ni matamu hata kwa mtu yanayemuua. Tuanze na hina, maana hina haina hatia. Jani lake lina kitu kiitwacho lawsoni. Ukilisaga na kulikoroga na limau au chai kali, kisha ukaacha rojo likae saa kadhaa, lawsoni hutoka taratibu kwenye unga, na ukipaka mkononi hushikana na keratini, ile protini ya ngozi, kucha na nywele. Haipaki juu juu, inajifunga. Ndiyo maana sabuni haiwezi kitu. Ukibandua usiku, rangi ni ya machungwa. Kesho yake na keshokutwa hewa inaiivisha mpaka iwe kahawia. Kwenye kiganja, penye ngozi nene, inakolea kuliko nyuma ya mkono. Haiondoki mpaka ngozi yenyewe ing'oke, wiki moja hadi tatu. Kwenye ndevu haiondoki kabisa; utaisubiri ikue hadi kwenye mkasi. Lakini tazama: katika safari hiyo yote hakuna mahali ambapo hina inakuwa nyeusi kama wino kwa dakika ishirini. Hina nyeusi ya aina hiyo haioti popote duniani. Ukiiona, jua mna kitu kingine ndani.

Kitu hicho kingine ndicho watu wa Pwani hukiweka kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kujichora. Jina lake kamili ni parafenilenidiamini, na kimekuwa kikitia nywele rangi tangu karne ya 19. Akili yake inanistaajabisha hadi sasa, hata kwa jicho moja. Molekuli zake ni ndogo sana, tena hazina rangi, kwa hiyo zinapenya ndani ya unywele bila kubishana na mtu. Zikishaingia, zinakutana na oksijeni, zinaoana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa kubwa na nyeusi, na sasa haziwezi kutoka kwenye mlango zilioingilia. Rangi imenaswa ndani. Aliyebuni hilo alistahili tuzo. Shida ni kwamba udogo ule ule unaozipitisha kwenye unywele unazipitisha kwenye ngozi, na huko ndani askari wa mwili wanazipokea, wanaandika majina, wanafungua faili. Mara ya kwanza unaweza kuwashwa kidogo ukasahau. Faili haisahau. Miaka mingi baadaye ukijipaka tena, askari hawahitaji kuuliza; wanatoka wote kwa pamoja, na uwanja wa vita ni uso wako.

Nilipoelezwa hivyo na daktari wa zahanati ndipo nikakumbuka harusi nyingine, ya zamani, kichupa kingine, na mwasho ambao niliusingizia vumbi la barabarani.

Ulaya wamekiwekea mpaka: rangi ya nywele ikishachanganywa isizidi asilimia 2 ya kitu hicho, tena ni ya nywele, si ya kuchora kwenye ngozi. Baadhi ya sampuli za hina nyeusi zilizopimwa zimekutwa zikivuka kiwango hicho mara kadhaa. Sudan, ambako wanawake huchanganya unga huu na hina ili rangi ikolee haraka, hospitali za Khartoum zimepokea watu walioupata mwilini kwa wingi, koo limevimba pumzi haipiti, figo zimesimama. Mimi nimeponea kwenye mashavu. Na mwenye aleji hii haachiwi: inaweza kumkamata hata kwa rangi za vitambaa fulani, au kwa dawa fulani za ganzi. Kipakiti kile kilikuwa kimeandikwa nyuma kwamba upake kidogo nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Mwanangu alinisomea. Nilikuwa na saa 40.

Basi, nilisimama mlangoni. Mjomba hawezi kukosa. Nilijifunga kilemba mpaka kwenye mianzi ya pua, nikapokea wageni kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. Wakati wa kuswali kilemba kikateremka, na kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akanipiga picha.

Kuna kundi la WhatsApp lililofunguliwa kukusanya mchango wa harusi ile. Katika kuchanga lilikuwa kimya, kundi la mabubu. Mweka hazina alibembeleza mpaka akaanza kutuma dua. Picha yangu ilipoingia, mabubu wote walisema. Watu ambao sikujua kama bado wako hai waliamka. Binamu wa Minnesota, ambaye hakutoa hata senti akisingizia theluji, alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba saa tisa za usiku.

Ustadh mmoja alifungua kikao vizuri. Akakumbusha habari ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume siku Makka ilipofunguliwa, kichwa na ndevu nyeupe pe, ikaamriwa zibadilishwe rangi lakini nyeusi iepukwe. Akaongeza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii imamu an-Nawawi ameishika kauli ya uharamu, na wengine wamesema ni makruhu tu. Mpaka hapo nilikuwa nafuata, hata kwa jicho moja, maana mtu alikuwa ameleta elimu. Kisha wakaingia wengine. Mmoja akataka kujua kama swala zangu za Ijumaa zinahesabika. Shangazi mmoja akahamisha mjadala kwenye wasichana wanaonyoa nyusi. Mwingine akaleta mkorogo, kwamba siku hizi uso wa mtu ni wa Nairobi na vidole ni vya Kulamawe. Kijana fulani mwenye tatuu begani alitajwa bila jina lakini kwa nyumba yake, rangi ya mlango na mbuzi wake. Mtu akasema Wasamburu na Waturkana hawana haya, wanatoboa masikio mpaka yaning'inie na kung'oa meno ya chini. Hapo hakuna aliyetaja kwamba pengo lile lina kazi: wenyewe husema ugonjwa wa pepopunda ukifunga taya, maziwa yanapita hapo. Wala hakuna aliyekumbuka meno yetu sisi wenyewe, yaliyofanywa kahawia na floridi ya maji ya visima bila sisi kuombwa ruhusa, ambayo vijana wetu huogopa kuyaonyesha siku ya usajili wa jeshi.

Duka lile lina mlinzi, mzee wa Kisamburu mwenye masikio ya kupitisha ngumi. Nilipopita kwenda zahanati alisimama, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mzee. Umekatwa?"

"Nimejipamba."

Akafikiri. "Sisi tukijipamba huwa tunapona."

Kijana wa duka naye alitoka, akainama, akanikagua kidevu kwa karibu. "Lakini rangi imeshika," akasema.

Sasa niseme kinachoniwasha kuliko kidevu. Kabla ya likizo ya Desemba iliyopita, binti mmoja wa ukoo wetu, ambaye ni muuguzi, aliandika kwenye kundi la familia, watu wale wale, simu zile zile. Hakutukana mtu. Alikumbusha kwamba shule zikifungwa ndipo visu hutolewa, na kwamba kukeketa msichana ni kosa chini ya sheria ya 2011: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Aliongeza jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba sheria hiyo inamshika hata anayemtukana mwanamke kwa kuwa hakukatwa, si chini ya miezi sita au shilingi 50,000. Bunge lilijua kwamba mara nyingi msichana hupelekwa kwenye kisu na mdomo kabla ya mkono.

Majibu? Mmoja aliweka kidole gumba. Mmoja akaandika, tuheshimu mila. Admini akasema hili ni kundi la familia, kuna watoto humu, akaufuta ujumbe. Kuna watoto humu! Ilikuwa ni kwa sababu ya watoto hao ndiyo aliandika. Ustadh aliyenitolea an-Nawawi kwa ajili ya nywele hakuonekana siku hiyo, na hakumkumbuka Ali Gomaa, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Misri, aliyetangaza 2007, baada ya msichana kufia mikononi mwa waliomkata, kwamba jambo hilo ni haramu. Ndevu za mzee zinatafutiwa kitabu na ukurasa. Mwili wa mtoto wa miaka tisa unatafutiwa kimya. Na wale Wasamburu tunaowacheka masikio, wazee wao walikutana Kisima Novemba 2021, mbele ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, wakatamka hadharani kwamba wanaachana na ukeketaji. Kutamka si kuacha, najua. Lakini katika ukoo wetu hata kutamka bado. Takwimu za taifa zinasema wanawake wa Kenya waliokeketwa wamepungua kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, na kila ninapoisikia hiyo 15 najua huwa inakaa wapi kikao chake.

Nilimpigia simu binti yule jana. Nilitaka kumwambia haya yote. Akanikatiza: "Mjomba, umemeza zile tembe?" Nilikuwa sijameza.

Daktari wa zahanati aliagiza ndevu zinyolewe, maana rangi iko ndani yake na ngozi itaendelea kuwaka. Kinyozi alikataa kunigusa. Mke wangu akaninyoa kwa wembe mpya na maji ya vuguvugu, akicheka kwa mabega tu ili mkono usitikisike. Habari ikafika kwenye kundi kabla povu halijakauka, na mjadala wa pili ukafunguliwa: hukumu ya mwanamume anayenyoa ndevu. Binamu wa Minnesota ana dakika tisa juu ya hilo.

Mengine ni madogo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akaniambia niteremke nimlete mwenyewe. Mbuzi wangu mmoja hanikubali tena. Imamu amenipa mkono Ijumaa hii akaniuliza, kwa mara nyingine, nimefika lini.

Mpiga picha wa harusi naye amepiga simu. Anasema kwa shilingi mia tano ataupunguza uso wangu kwenye albamu yote, na kwa mia mbili zaidi atanirudishia ndevu, nichague rangi. Mke wangu alichukua simu akamwambia asiguse kitu, isipokuwa kama anaweza kuweka picha ile moja kubwa, ya mlangoni, kwenye fremu.