Dawa Zilizofika Kabla Hazijatengenezwa

Jumatatu iliyopita, mbele ya wafanyakazi wote wa kituo cha afya, mkunga, mlinzi na mama wa kahawa wakiwemo, nilisimama nikasoma ripoti ya kurasa tatu juu ya wizi ambao haukutokea. Masikio yananiwaka hadi sasa ninapoandika.

Kichwa cha ripoti kilikuwa "Mashaka Makubwa Katika Leja ya Dawa". Neno "makubwa" nililipigia mstari. Hoja ya kwanza: makasha ya amoksilini ambayo kiwanda chenyewe kimeyagonga muhuri wa Machi 2023 yaliandikwa kwenye leja kuwa yamepokelewa mwaka 2015. Yaani dawa ilikifikia kijiji hiki cha vilima vya Gurage, kusini mwa Addis Ababa, miaka minane kabla ya kiwanda kuitengeneza. Hoja ya pili ndiyo niliyoitegemea zaidi. Kadi ya stoo ya dawa ya mseto ya malaria ilionyesha mzigo ulioingia tarehe 3, mwezi wa 13. Hapo niliinua macho na kuwatazama mmoja mmoja, kisha nikasoma sentensi iliyoninyima usingizi wa usiku mzima: "Mghushi huyu hata miezi ya mwaka hakujishughulisha kuihesabu."

Ripoti niliiandika kwa Kiingereza, na mkuu wa kituo alikuwa akiwatafsiria wengine kwa Kiamhari, sentensi baada ya sentensi. Kwa hiyo kicheko kilikuja kwa awamu mbili. Walianza wanaojua Kiingereza, wakakiziba kwa viganja. Tafsiri ilipofika, chumba kizima kikalipuka, na mama wa kahawa akalazimika kuiweka chini jebena yake, birika la udongo la kahawa, isimponyoke.

Sista wa stoo ya dawa, ambaye ndiye niliyekuwa nikimtuhumu, alifuta machozi kwa pindo la shali yake ya netela.

"Kaka yangu," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "leo ni tarehe ngapi?"

Nikamtajia.

"Hiyo ni ya kwenu. Ya hapa?"

Akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya kichwa changu, kwenye karatasi yenye picha ya Mtakatifu Giyorgis akimchoma joka mkuki. Tangu nifike nilikuwa naidhani ni tangazo la benki. Ilikuwa kalenda. Mwaka wao ulikuwa 2017, na mwaka wao una miezi 13.

Najua utauliza, msomaji: mtu anawezaje kwenda kujitolea nchi ya watu bila kujua iko mwaka gani? Nilijua. Nilisoma yote hayo ndani ya ndege. Kilichoniponza ni saa.

Ethiopia huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, ikifuata saa moja, hadi jua litue na hesabu ianze upya. Wenzangu wawili wa kujitolea, kijana wa Kijerumani na dada wa Kanada, waliteseka. Wakiambiwa chanjo inaanza saa mbili, walikuja baada ya chakula cha mchana wakakuta vikasha vya barafu vimeshaoshwa. Mimi sikugusa hata mshale, maana hata majira ya saa ni yale yale ya Dar es Salaam na Nairobi. Nikawa mwalimu wao wa saa. Nikawa natembea kituoni na mikono nyuma, mwenyeji kabisa, nikiwaeleza wageni desturi za nchi niliyokuwa mgeni wake.

Na jambo lenyewe ni tamu, acha nilieleze. Karibu na ikweta, usiku na mchana havipishani sana mwaka mzima, kwa hiyo macheo ni mahali pazuri pa kuanzia kuhesabu. Mtu wa Ulaya ya kaskazini hawezi: jua lake la Juni na la Desemba ni kama viumbe wawili tofauti, naye hesabu yake ameificha katikati ya usiku ambako hakuna anayeishuhudia. Ila kuna tofauti moja kati yetu na Wahabeshi ambayo sikuiona mpaka nilipotazama saa ya ukutani ya maabara. Kwetu mshale mfupi huonyesha 7, mdomo ukasema saa moja, na mtoto wa shule hufundishwa kusoma namba ya upande wa pili wa duara bila mtu kuona ajabu. Saa ya maabara ilionyesha 1, na ilikuwa saa moja. Imetegwa hivyo kwa makusudi, na saa nyingi nchini humo hutegwa vivyo hivyo. Sisi tulipopokea saa ya Mzungu tuliivaa mkononi, ya kwetu ikabaki mdomoni. Wao waliiamuru saa ifuate mdomo.

Basi ndipo nilipojiaminisha kwamba nimeshaielewa nchi, na yaliyobaki yatakuwa kama kwetu vilevile.

Kalenda yao ukiielewa utaipenda kuliko yako. Miezi 12, kila mmoja siku 30 kamili, hakuna kukunja ngumi na kuhesabu vifundo vya vidole. Siku 5 zinazobaki hukusanywa mwishoni na kupewa mwezi wao mdogo, Pagume. Kila mwaka wa nne Pagume huwa na siku 6. Miaka hiyo minne imepewa majina ya wainjili, Matayo, Marko, Luka na Yohana, na ni mwaka wa Luka unaobeba siku ya ziada. Mwaka mpya huingia tarehe 11 Septemba yetu, au 12 baada ya Luka. Mwezi huo mdogo ndio chanzo cha ile kaulimbiu yao ya zamani ya utalii ya miezi 13 ya jua, ambayo kwa muda mrefu niliidhani majivuno ya wauza safari.

Na kwa nini wako nyuma yetu miaka 7, na kuanzia Januari hadi Septemba miaka 8? Kwa sababu wataalamu wawili wa kale hawakukubaliana Kristo alizaliwa lini. Mmoja alikuwa mtawa wa Aleksandria aitwaye Annianus, wa karne ya 5, ambaye hesabu yake ndiyo iliyoshikwa na kanisa la Ethiopia. Mwingine ni Dionysius Exiguus, aliyepiga hesabu zake Roma mwaka 525, na dunia nzima ikamfuata pamoja na viwanda vya amoksilini. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Ethiopia ilisherehekea kuingia mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007, na wageni waliokwisha kuulaki mwaka huo kwao walipata nafasi ya kuulaki tena.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mwezi mdogo wa mwishoni haukupaswa kumshangaza Mswahili. Wavuvi wa pwani yetu walikuwa na mwaka wao wa jua wa siku 365 tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, hadi Nairuzi, wakiuhesabu kwa miongo, kumi kumi, miongo 36, na siku 5 zikabaki pembeni. Makunduchi bado wanaukaribisha mwaka huo kila Julai kwa kuchapana migomba. Nimeshasimama pale nikapiga picha. Halafu naja huku naona siku 5 za ziada kwenye leja, na wazo linalonijia ni polisi.

Sista hakunikasirikia. Aliniambia tu, "Mwezi huo wa 13 uliotushtaki nao ndio mwezi ambao hatulipwi mshahara. Ungeandika ripoti juu ya hilo." Mkuu wa kituo yeye amenipa jina. Tangu Jumanne ananiita Pagume, na wote wamefuata. Nilimwuliza kisa. Akasema ni mwezi wa siku chache, hauna mshahara, na unakuja mwishoni kazi zikiwa zimeshafanywa: hajaona jina linalomfaa mtu wa kujitolea kuliko hilo.

Nilicheka nao. Lakini jioni ile Sista alinipeleka stoo anionyeshe kazi yake ilivyo, na kicheko kikanikauka. Kila kasha linaloingia limeandikwa tarehe ya kwisha muda kwa kalenda ya Gregori. Yeye huigeuza kichwani, akaiandika kwenye leja kwa kalenda yake, akapanga rafu ili itakayowahi kuharibika itoke kwanza. Fomu za wafadhili zinataka tarehe za Ulaya. Anazigeuza tena kurudi kule zilikotoka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Hamle, yaani 8 Julai, na wa mfadhili huanza anapotaka mfadhili. Mama anajua mtoto wake kazaliwa sikukuu ya Timkat, tarehe 11 Tir, watu wakiwa njiani na maji ya baraka. Fomu inataka 19 Januari.

Kuna wafanyakazi wa afya wa vijijini, wanawake wawili kwa kila zahanati ndogo, waliowekwa na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2003. Nchi nzima ni zaidi ya 30,000. Hao hupanda vilima na kikasha cha chanjo begani, nyumba kwa nyumba, wakifundisha choo na uzazi wa mpango, na wa kwetu wakirudi jioni hukaa kwenye benchi kugeuza tarehe. Kosa la siku kumi tu linatosha kumpa mtoto chanjo kabla ya wakati wake. Kazi hiyo ya kugeuza hailipwi, haimo kwenye bajeti, na huonekana siku ile tu mtu fulani anapokuja kutoka nje na kuiona ni wizi. Sijasikia kwamba yupo aliyewahi kusimama katika kikao cha kiwanda cha dawa akawasomea kurasa tatu kwa kosa la kuandika mwaka ambao mnunuzi wao hauishi.

Nikiwa kwenye uchungu huo niongeze na wangu mdogo. Kijana wa Kijerumani anasomea misitu. Wagonjwa humpangia foleni wakimwita dokta, hata akiwa ameshika ufagio. Mimi niliyezeekea nyuma ya dirisha la dawa huulizwa kama gari la maji limefika.

Jumamosi nikaamua kwenda Hawassa, nikatulize aibu ufukweni mwa ziwa. Ijumaa nilimwuliza mkata tiketi wa stendi basi linaondoka lini. Akasema, kwa Kiingereza, kumi na moja. Kwa mtu aliyekwisha kuungua, swali hili halikuwa dogo. Kama anahesabu kihabeshi, ni kumi na moja alfajiri. Kama amenihurumia kwa ugeni wangu na kunigeuzia, ni saa tano asubuhi. Nikamweleza kwamba mimi ni Mtanzania, hesabu yetu ni moja, asijisumbue kugeuza. Akatabasamu kwa heshima zote. "Kumi na moja," akarudia. Sasa alikuwa ananiambia hakugeuza, au kwamba ameshageuza na haina haja nimshukuru?

Nilifika stendi saa kumi na moja alfajiri. Vilima hivyo viko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina utani. Lango lilikuwa na kufuli, na fisi walikuwa wakiitana nyuma ya soko. Mlinzi aliniingiza kibandani kwake, akanifunika gabi yake nzito ya pamba, akachemsha kahawa. Nilikunywa abol, nikanywa tona, nikanywa baraka, duru zote tatu, na jua likatoka, na mkata tiketi akafika kazini akanikuta. Alisikitika sana. Alikuwa amenigeuzia. Wageni wote huwageuzia, akasema, ni adabu tu. Saa tano ilipofika tukapanda, tukakaa, na gari halikuondoka, kwa kuwa gari dogo la abiria huondoka likijaa, na likijaa halina kalenda.

Hawassa niliingia jioni. Korongo mfuko-shingo aliyesimama kwenye soko la samaki alinitazama, akanipokonya samaki wangu, akanitazama tena.

Wikiendi nyingine nazitaja kwa heshima ya nauli niliyolipa. Shashamane, kwenye ardhi ambayo Haile Selassie aliwapa watu weusi wa ng'ambo mwaka 1948, mzee mmoja wa Kirasta alinikaribisha nyumbani Afrika. Nilikula kitfo, nyama mbichi ya kusaga yenye siagi na pilipili, na Jumapili yake sikwenda popote. Kwa mwenyeji wetu niliuliza mbona migomba yote hii haina ndizi. Ilikuwa inseti, ambayo huliwa shina, na nikapewa mkate wake uliochachishwa shimoni kwa miezi ili nisiulize tena.

Jumamosi hii tunakwenda Tiya kuangalia mawe ya makaburi ya kale yaliyochongwa panga. Dereva amesema tunatoka saa mbili. Nimemwomba tafadhali aje anigongee mlango.