Heko kwa Mlinzi wa Kitabu

Barabara zina trafiki, bucha zina bwana afya, na sinema, kwa rehema za Mungu, ina yule ndugu wa kiti cha nyuma anayehakikisha mwandishi haibiwi hata ukurasa mmoja.

Nilijaliwa kuketi mbele yake ilipoonyeshwa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Sisi wengine tulikwisha ghilibika: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin kamkimbia mumewe mzee Raza, Mwajuma na taarabu yake, Denge na siri zake za kumng'oa mkoloni. Tulikuwa hatarini kufurahi. Akatuokoa.

"Hapo pamerukwa."

Kidogo tena: "Na hapo."

Denge na Yasmin walipokaribiana, ukumbi kimya, hata bisi hazitafunwi, alitutangazia kwa sauti ya kondakta kwamba kitabuni huyu binti mwishowe anaolewa na Bukheti. Tulishusha pumzi. Mapenzi ya watu yanachosha ukiwa hujui yataishia wapi.

Wenye haraka watasema riwaya nzima haiingii katika saa moja na nusu. Hayo ni maneno ya wavivu. Kama Inspekta Wright alifungua mlango kitabuni, filamu nayo imfungulie, tukeshe. Watu wana kazi gani usiku?

Kuna siku alinisimulia uchungu wa The Shining. Mwaka 1980 Stanley Kubrick alikichukua chumba namba 217 cha Stephen King akakifanya 237, eti kwa sababu hoteli iliyopigwa picha kwa nje ilihofia wageni wangekikimbia chumba chake cha 217. Visingizio. King mwenyewe hakuipenda filamu ile, na mwaka 1997 hadithi ikarudiwa kwenye televisheni, safari hii akiiandika yeye. Hiyo ilikifuata kitabu kwa adabu zote, ndiyo maana hakuna anayekusumbua kwa kuizungumzia.

Siku ile ya Vuta N'kuvute, taa zilipowaka, niligeuka kumpa mkono. Nikamuuliza riwaya yenyewe aliisoma lini. Kidato cha sita, akasema kwa fahari, ilikuwa kitabu teule: desa la kurasa 12, dhamira zote zimo, na majibu ya mtihani nyuma.