Samaki Mheshimiwa

Hongera kwako, mwenye mgahawa wa Kichina hapa Bunia, ule wa taa nyekundu. Samaki wa Ziwa Albert anashuka mtumbwini Kasenyi, anapanda pikipiki hadi mjini, na sokoni anauzwa kwa faranga. Akiingia jikoni kwako tu, anakuwa mheshimiwa: anataka dola, tena noti isiyo na mpasuko hata wa ukucha.

Alikuja amelala kwenye sahani pana kama uwanja wa ndege, vipande vinne, vimepakwa sukari, na wali uliokwisha kupoa pembeni. Dhahabu ya Ituri hupimwa kwa gramu. Kumbe na wali siku hizi! Pilipili tuliyoomba ililetwa kwenye kisahani cha kikombe, nayo ikapewa mstari wake kwenye bili.

Vijiti sivilaumu. Vinamchelewesha mteja kugundua kwamba chakula kimekwisha.

“Papa, niwafungie kilichobaki?” mhudumu aliuliza, kwa adabu kabisa. Kilichobaki kilikuwa mwiba na bili.

Tukaenda kushiba kwa mama wa sombe na bugali. Huyo hana taa nyekundu. Ana mwiko, na faranga zilizochakaa anapokea.