Afande na Paja la Mjomba

Jina lenyewe lilileta ugomvi kabla ya meno. Mume wangu, Baba Neema, alimleta yule mbwa ndani ya boksi la mafuta ya kula, chotara wa Kijerumani kwa maneno ya muuzaji, mbwa koko kwa macho ya mtu mwingine yeyote, akamwita Afande. Alisahau kwamba jirani yetu wa upande wa mparachichi ni polisi mstaafu, na mtaa mzima hapa Moshi humwita Afande. Basi kila nikipaza sauti asubuhi, "Afande, toka jikoni, huna adabu!", ng'ambo ya ukuta mtu anakohoa.

Afande wetu alikuja mdogo mno, hajatimiza hata wiki sita. Muuzaji alidai mbwa akitolewa kwa mama mapema ndiyo anaizoea nyumba. Kumbe wiki zile anazobaki na mama na ndugu zake ndizo za kujifunza kupima meno: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia, mchezo unakufa, naye anajua kuwa amezidisha. Afande hakuwa na mwenzake. Alikuwa na vidole vya mwanetu Kelvin, ambavyo vilimchekesha Kelvin mpaka siku vilipotoka damu.

Na kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mtoto wa mbwa huwa anauandikisha ulimwengu kichwani. Wazee wenye bakora, watoto wanaokimbia, bodaboda, miamvuli; anachokutana nacho wakati huo bila kuumizwa, ukubwani hakimtishi. Baba Neema alikuwa na falsafa yake, nanyi mnaijua kwa sababu iko katika nyua nyingi: mbwa wa ulinzi asizoee watu. Banda likajengwa nyuma ya nyumba, likatazama ukuta. Mchana mnyororo, usiku saa nne anafunguliwa. Binadamu aliowajua Afande nje ya familia ilikuwa ni miguu inayopita chini ya geti. Mimi falsafa hiyo hainiingii akilini mpaka leo. Unataka mlinzi wa kumtambua mwizi, halafu unamlea asimtambue mtu.

Wa kwanza kuona mabadiliko alikuwa Rehema, dada yetu wa kazi. Jioni moja alimpelekea beseni la ugali wa dona na dagaa, akakumbuka kuwa hajamwekea maji, akarudi. Afande akaacha kutafuna. Kichwa kilibaki palepale ndani ya beseni, mwili ukakakamaa, mdomo wa juu ukapanda upande mmoja, weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Ndipo akanguruma, kwa chini kabisa. Rehema aliweka kopo la maji alipokuwa amesimama, akaondoka kinyumenyume. Tangu siku hiyo beseni lilisukumwa kwa mpini wa fagio.

Kesi ikapelekwa ukutani, kwa Afande mstaafu.

"Anamngurumia anayemlisha?" Mzee alishangaa. "Baba Neema, huyo amejiona ndiye mkubwa hapo ndani. Mnyooshe."

Nadharia hii ya mbwa anayetaka ukubwa ina historia ndefu kuliko mzee alivyodhani. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu waliofugwa pamoja ndani ya uzio, wakigombania cheo. David Mech wa Marekani akaieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970, kisha yeye mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuwatazama mbwamwitu wa porini, akaikana: mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala hakuna uchaguzi wa mwenyekiti. Lakini habari hizo hazikuwa zimefika ukutani kwetu. Kilichofika kwa Afande ni kipande cha mpira wa kumwagilia. Akinguruma, anachapwa. Akitoa meno, anachapwa. Haukupita muda mrefu nyuma ya nyumba kukawa kimya.

"Amenyooka," alisema Baba Neema, na kifua kikamjaa.

Krismasi ikafika. Mjomba wa Baba Neema alishuka kutoka Rombo na mkungu wa ndizi, tukachinja mbuzi, kisusio kikanywewa, wazee wakakaa na mbege yao chini ya mparachichi. Katika furaha ile mtu fulani, ambaye hadi leo hajajitokeza, alimtupia Afande kichwa cha mbuzi. Mjomba akainuka kwenda choo cha nje. Njia inapita hatua mbili tu kutoka bandani. Alimwona mbwa amesimama kimya juu ya mfupa, na kwa kuwa hakunguruma, Mjomba akamhesabu kuwa mpole. Akanyoosha mkono kumsalimia.

Kelele zile zilisikika mpaka barabarani. Suruali mpya ya kitambaa, iliyoshonwa kwa ajili ya sikukuu, ilifunguka kuanzia mfukoni hadi gotini, na paja ndani yake likiwa na matundu manne.

Mama mkwe alikuja mbio na unga wa kahawa aupake kwenye jeraha. Nilimwambia, "Mama, samahani sana, hapa ni sabuni na maji." Tukamkalisha Mjomba chini ya bomba, maji yakitiririka, sabuni ya kipande, dakika 15 kwa saa, yeye akituuliza kama tunamwosha au tunamfulia. Sikutaka mchezo hapo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaokipata hukipata kwa kung'atwa na mbwa. Kadi ya chanjo ya Afande ilipotafutwa ilikutwa chini ya godoro, muda wake umepita. Mjomba akaanza sindano siku ileile, zikafuata za siku ya 3 na ya 7 na kuendelea, na Afande akawekwa chini ya uangalizi wa siku 10.

Aliyekuja kumwangalia ni daktari wa mifugo, binti aliyesomea Sokoine kule Morogoro. Baba Neema alimtazama umbo lake dogo akaguna. Binti hakumkabili mbwa. Alisimama ubavu, macho pembeni, akawa anadondosha vipande vya maini huku akituhoji. Baadaye, Afande akiwa amevalishwa kifunga mdomo, alimwinua sikio. Harufu iliyotoka ilitufanya sote turudi nyuma. Sikio lilikuwa limeoza ndani, na ukanda wa mnyororo ulipita juu yake kila alipovutwa.

"Alikuwa ananguruma zamani?" aliuliza.

"Sana. Tulimkomesha," Baba Neema akajibu.

"Mmezima king'ora, moto mmeuacha."

Baba Neema akauliza kama kumhasi hakutamaliza mambo. Binti akasema kutapunguza kuzurura na kupigana na madume wenzake, lakini mbwa anayeng'ata kwa hofu na maumivu hatabadilika kwa kisu peke yake. Akatoa dawa ya sikio na masharti. Ale akiwa amefungiwa bandani, asisumbuliwe na mtu. Tupite mbali tukimrushia utumbo, kitu kitamu kuliko kilichomo ndani ya beseni, tuendelee na safari. Tusogee tu mwili wake ukiwa umelegea. Akinguruma, rudi nyuma, usimpige. Mnyororo utolewe, uwekwe uzio wa wavu. Kelvin asimkaribie bila mtu mzima. Wageni wakija, mlango wa banda ufungwe kwa komeo.

Sasa Afande ananguruma tena. Sauti ile ya kwanza ilipomtoka, Rehema alikuja kuniita jikoni akishangilia, tukaenda kusikiliza. Rafiki wa kila mtu hajawa, na binti wa Sokoine alishatuambia tusimngojee awe. Baba Neema amechora bango la "Mbwa Mkali" getini, na mpira wa kumwagilia umerudi kwenye mboga.

Mjomba naye alipita wiki iliyopita. Alisimama nje ya geti, akapiga simu.

"Amefungiwa?"

"Amefungiwa, Mjomba. Karibu."

"Mpe mfupa kwanza, nimsikie."

"Mjomba, ukimsikia si ndiyo amekasirika?"

"Ndiyo. Nataka nijue yuko upande gani wa nyumba. Halafu mje na ile hela ya suruali."

Kutoka ng'ambo ya ukuta, Afande mwingine akakohoa.