Sifa za Tope la Njombe

Kilimanjaro una washairi wake, Serengeti ina wapiga picha wake, na hata baridi ya Njombe imeshapata watetezi kwa wauza makoti ya mitumba. Tope la njia zetu za milimani halijapata mtu. Kila Aprili linachapa kazi usiku na mchana, na ujira wake ni matusi. Nimejitolea kulisemea, tena bure.

Wenzetu wa Ulaya, joto likiondoka na baridi haijabisha hodi, hupanda milima yao juu ya majani makavu yanayolia chini ya kiatu. Kwetu majira hayo ni Aprili na Mei, mvua inapofunga hesabu zake. Nasi kipo kinacholia chini ya kiatu.

Tuanze na nasaba, maana aliyetukuka huanziwa kwa mababu. Tope hili ni la ukoo wa chuma. Wekundu wake ni kutu ya madini ya chuma, iliyobaki baada ya mvua za karne nyingi kuuozesha mwamba na kuondoka na vingine vyote. Chembe zake za mfinyanzi ni ndogo mno na bapa. Maji yakipenya katikati, zinateleza moja juu ya mwenzake. Ndiyo maana mvua kubwa haina neno: njia inakuwa uji, unatumbukia, unatoka. Kazi iko kwenye manyunyu ya asubuhi, au kesho yake jua likichungulia. Hapo tope linakupenda kwa dhati. Soli inaota soli ya pili, ya pili inaota ya tatu. Kisigino kinatoa mabawa ya udongo yenye nyasi na maganda ya maharage. Mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine, kwa kuwa wa kushoto ulijipangusa kwenye jiwe. Unakwangua kwa kijiti, kijiti kinavunjika, unaendelea na safari ukiwa umeongezeka kimo pasipo gharama yoyote.

Sifa yake ya pili ni usawa. Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, lami inampa kila mtu kiburi. Raba nyeupe zinashuka kwenye basi zikitembea kana kwamba nchi nzima imepigwa deki. Ziache zifike kwenye kijinjia cha mlimani. Nimewaona mabwana wenye mabuti ya bei ya mbuzi wawili wakiteremka mteremko kwa makalio, huku mama mmoja akiwapita na kapu la viazi kichwani, peku, hata mkono hajaugusisha kapu. “Poleni, wanangu,” akawaambia. “Kanyageni majani, msikanyage njia.” Ukiutazama unyayo aliouacha unaelewa: kidole gumba kimezama kama kigingi, vinne vilivyobaki vimejitandaza, na kisigino hakikuonekana kabisa. Ni darasa zima la kupanda mlima, na ubaoni liliandikwa na tope.

Wapo watakaosema waje Agosti, njia ikiwa kavu. Karibuni. Lakini uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu na ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, hauchanui kwa kungoja ratiba ya likizo. Maua yake, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi, yanafuata mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayetaka njia kavu atapewa nyasi za kahawia na upepo. Isitoshe, ua halikimbii, na palipo pakavu mtu hufika upesi akiwa na jembe: viazi vya okidi vilichimbwa huko kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, wanakovipikia chikanda. Sisemi tope liliwahi kukamata jangili hata mmoja. Nasema tu kwamba lilikuwa kazini kabla ya askari wa hifadhi kuvaa sare, na halijawahi kudai posho.

Kisha kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi hugemwa majira yale yale ya mvua, kwa hiyo tope na ulanzi huingia kijijini pamoja. Hii ni huruma kubwa. Mtu akirudi nyumbani jioni amechafuka hadi kiunoni, hakuna wa kumhoji alianguka mara ngapi na kwa sababu ipi. Njia inabeba lawama zote.

Wasafirishaji wa viazi wana kesi yao, nakiri. Fuso lililopakia lumbesa likizama hadi ekseli, vijana wanakusanyika kutoka nisikokujua, na bei ya kusukuma inapanda kila tairi linapozidi kushuka. Mwenye mzigo anaita wizi. Mimi naita ajira kwa vijana, inayolipwa papo hapo na isiyodai wazo la mradi wala mdhamini.

Ombi langu ni moja: mkikata tiketi ya kurudi, msimlaumu konda anayewatazama miguuni kabla ya kuwaonyesha kiti cha nyuma. Anajua mlikotoka. Ama vumbi, ndugu yake tope anayeshika zamu kiangazi, na atafute msemaji mwingine. Mimi nina mafua.