Mjomba Flashi Anajibu

Shikamoo Mjomba. Kuna mwanga anayerusha mawe juu ya mabati yangu kila usiku. Nimenunua kamera ya Instax Mini 9 ya mtumba nimnase, lakini picha zinatoa vijimpira vyeupe vinavyoelea tu. Ni mizimu? Niirekebishe vipi?
— Silali, Port Victoria

Marahaba, mpwa wangu. Hao ni wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi. Flashi imekaa ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo kila mdudu, vumbi au tone la umande lililo karibu hung'aa likawa mwezi mdogo. Futa lenzi, ondoka karibu na taa, na wengi wa mizimu yako watahama.

Sasa mwanga mwenyewe. Flashi ya kamera hiyo hufika mita 2.7 na haizimiki. Ukimpata sura na meno, basi yuko hatua tatu kutoka kwako, uchi, na ameshakuona. Ukiiziba flashi kwa utepe mweusi utapata karatasi nyeusi, maana lenzi hufunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde tu. Mini 90 inaweza kukaa wazi hadi sekunde 10, lakini mtu anayekimbia muda huo wote hutoka moshi, na moshi haushtakiwi kwa chifu. Taa utakazoziona ziwani usizipige kabisa. Ni wavuvi wa omena, na wana matusi.

Mjomba, kwenye koti la mume wangu nimekuta picha ya papo hapo: yuko bichi ya Dunga, mwanamke kamwegemea begani. Anaapa ni jini, alijitokeza picha ilipokuwa ikikauka.
— Mama Watoto, Nyalenda

Pole, mama. Majini ya karatasi yapo. Mini 90 hupiga mara mbili kwenye karatasi moja, na mmoja wa waliopigwa hutoka kama pazia. Kwa ujanja unaodhaniwa kuwa wa aina hiyo, William Mumler wa Boston aliwauzia wafiwa picha za marehemu wao. Mjane wa Rais Lincoln alipata yake, mumewe kasimama nyuma. Mumler alishtakiwa New York mwaka 1869, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Wewe ushahidi unao mkononi. Je, mawimbi yanaonekana kupitia kifua cha huyo jini? Kama ameziba mashua nzima, hilo si la kamera. Mwandikie Shangazi.

Naweza kumpiga picha babu aliyefariki kwa kumfikiria tu?
— Msomi, Usenge

Ted Serios, mfanyakazi wa hoteli Chicago, alidai anaweza. Aliikodolea Polaroid macho kupitia kijineli cha karatasi, na majengo yenye ukungu yakatokea. Daktari wa akili Jule Eisenbud aliamini, akaandika kitabu kizima mwaka 1967. Wapiga picha walisema kijineli kile kinatosha kuficha kipande cha filamu. Serios pia alikuwa mlevi wa kutajika. Filamu ni ghali, mwanangu. Jaribu kwanza na bia.