Usimsikilize Mbwa: Namna ya Kuitambua Gramafoni kwa Spea Zake

Ukipelekwa kuona gramafoni ya zamani, wa kwanza kutambulishwa kwako atakuwa mbwa, yule wa nembo ya HMV aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe. Muuzaji atamgonga kwa kidole: "Orijino hii, mzee wangu." Msalimie mbwa kwa heshima zote, kisha mpite. Hakuna spea rahisi kughushi kama kibandiko, na mbwa mwenyewe alibadilishiwa mashine. Mchoraji Francis Barraud alimchora kwanza akisikiliza fonografu ya silinda. Mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ilipotaka kuinunua picha, akaipaka rangi fonografu na kuchora gramafoni juu yake. Shahidi wa namna hiyo hamfai mnunuzi.

Tazama skrubu. Zile za bisibisi ya nyota zilianza kuenea viwandani miaka ya 1930. Kwa hiyo mashine inayodaiwa kuwa ya 1910, na imekazwa kwa skrubu za nyota kila kona, imezaliwa ikiwa tayari mzee. Maliza chai uliyokaribishwa, shukuru, uondoke. Nyingi za aina hiyo, zenye pembe ya shaba inayometameta juu ya kisanduku kipya, zimeungwaungwa India kwa ajili ya watalii, na mara nyingi mota yake imeng'olewa kwenye gramafoni ya mkoba iliyokuwa ikifanya kazi. Hilo linaniuma kuliko bei: mashine ya kweli imeuawa ili ya uongo ipate moyo.

Ukivuka hapo, omba kukishika kichwa cha sauti, kile cha duara kinachobeba sindano. Kigeuze kwenye mwanga na ukitazame kiwambo chake. Kikiwa cha ulanga, utaona uangavu wa kioo na tabaka nyembamba zinazoanza kuachana pembeni. Kikiwa cha aluminiamu, utaona bati jembamba lililofinyangwa mikunjo. HMV 101, mashine ya mkoba ya miaka ya 1920, hutumia kichwa Na. 4 chenye ulanga. Mdogo wake, 102, kwa kawaida huwa na 5A au 5B, cha aluminiamu. Ukikuta 102 imevaa ulanga, uliza kichwa chake kiko wapi, na uliza kwa sauti. Ila usikivue kwa nguvu: zinki iliyomiminwa enzi zile huvimba na kupasuka, na ikishapasuka hakuna gundi ya kuibembeleza.

Kwenye fonografu za Edison, soma herufi iliyochongwa kwenye kichwa. C ni cha silinda za dakika 2, zenye mifereji 100 kwa inchi. H ni cha dakika 4, mifereji 200. K hubeba ncha zote mbili, unageuza tu. Ukiweka C juu ya silinda ya nta ya dakika 4, utakuwa umelima shamba la mtu.

Turudi kwenye gramafoni. Chini ya sahani inayozungusha santuri kuna gavana. Huyu hana kaunti: ana vipande 3 vya risasi juu ya springi nyembamba, vinavyotanuka mota ikikimbia na kuibana irudi kwenye mizunguko 78 kwa dakika. Vihesabu. Vikiwa 2, mwimbaji atatetemeka bila baridi. Lakini pipa la springi kuu usilifungue hata ukibembelezwa. Springi ile hufyatuka na kukata vidole.

Mwisho, sindano. Ile ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, kisha hutupwa, kwa sababu ikishalika huanza kuula mfereji wenyewe. Na santuri nyingine hazina mbadala: mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwa ajili ya HMV, na santuri zake zilizobaki hazirekodiwi tena. Muuzaji akitaka kukujaribishia moja kwa sindano aliyoikuta humo humo, mdake mkono kabla hajaishusha.